Ombi la Nusu Ekari Kisiwani Vaiharo

Ghorofa ya Kumi na Moja,
South Beach,
Durban.

Kwa Mtunza Nyaraka,
Chumba cha Wosia na Mirathi ya Ardhi,
Kisiwa cha Vaiharo,
Bahari ya Pasifiki.

Ndugu Mtunza Nyaraka,

YAH: MADHARA NILIYOYAPATA KUTOKANA NA WOSIA WA MAREHEMU MZEE HAUMOE, PAMOJA NA OMBI LA FIDIA YA ARDHI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na makabrasha yako yakiwa salama dhidi ya mchwa na maji ya chumvi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sarufi, mwenyeji wa Tarime, Tanzania. Kwa sasa ninaishi Durban, Afrika Kusini, kwa binti yangu Doris na mumewe Fabien, Mrundi anayetengeneza simu katika duka moja la katikati ya mji. Mimi na wewe hatujuani. Hata hivyo ofisi yako imeivuruga nyumba yangu, nami nilifundishwa kwamba mtu akivurugiwa nyumba huandika barua kwanza, ndipo hupiga kelele.

Ninaandika kwa Kiswahili. Kiingereza ninakijua, lakini mtu hulalamika vizuri katika lugha ambayo anaweza kukasirika bila kukosea. Fabien anasema simu yako itakutafsiria. Nimeijaribu ya kwake. Niliiamkia "shikamoo", ikaniambia kwa Kiingereza kwamba ninamshika mtu miguu. Nakushauri umtafute Mtanzania. Tupo kila mahali, hata huko hatakosekana mmoja anayeuza vitu.

Sikuwa nakitafuta kisiwa chenu. Nilikuwa natafuta mtandaoni mfano wa wosia wa shamba ulioandikwa kwa adabu. Ninalo shamba la ukoo Tarime, ekari tatu za kahawa na migomba, ambalo liko mikononi mwangu tangu kaka yangu alipofariki. Dada yangu mkubwa, Ernestina, ambaye ni mjane, anaishi humo. Mwita, mtoto wa marehemu kaka, analilima. Mambo yalikuwa wazi: mimi nikifa, shamba ni la Mwita. Kisha Doris akajifungua mtoto wa kike, Ineza, akanijia akiwa bado na kamba ya hospitali mkononi.

Alisema, "Baba, mwandike huyu kwenye wosia. Hana pa kurudi. Huku ni mgeni, kwa baba yake hakuna kitu. Na wewe ukimfungia mlango, kwao kutakuwa wapi?"

Naomba uelewe alichokuwa anakisema. Wazazi wa Fabien waliikimbia Burundi, na shamba lao likachukuliwa na watu wengine ambao nao sasa wana wajukuu juu yake. Fabien alizaliwa katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Kambi hiyo ilifungwa. Ineza amezaliwa Durban kwa karatasi ambayo kila baada ya muda hupelekwa ofisini ikagongwe muhuri upya, kama kibali cha mbuzi. Ekari zangu tatu ndizo ardhi pekee duniani ambayo mtoto huyo angeweza kuiita ya kwao.

Nilimjibu Doris kwamba nitafikiri. Kwangu mimi, kufikiri ni kutafuta kanuni inayokubaliana na jambo ambalo nimekwisha kuliamua.

Kanuni hiyo niliipata katika chumba chenu, kilichoko mtandaoni. Wosia wa Mzee Haumoe, tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na ofisi yako, ukurasa wa pili. Nauleta hapa kwa Kiswahili changu: "Shamba la upande wa mto ni la wale ambao vitovu vyao vimezikwa ndani yake. Asiye na kitovu humu ni mgeni. Apewe chakula, kisha aonyeshwe njia."

Ndugu Mtunza Nyaraka, nilisimama. Nilikuwa peke yangu sebuleni, nimevaa fulana ya ndani, lakini nilisimama. Kwetu Tarime nako watu husema, "Kitovu changu kimezikwa hapa," wakiwa na maana kwamba hawahami. Na mimi nilikuwa nao mkahawa wangu, yaani mti wa kahawa, karibu na kaburi la babu, ambao tangu utotoni nilionyeshwa kwamba kitovu changu kiko chini yake. Sikuwa nimewahi kuona jambo hili likielezwa kwa ufupi na ukali kiasi hicho, na tena na mtu aliyekufa, ambaye hawezi kubishiwa. Nilimpelekea Fabien maneno hayo anichapie kwa herufi kubwa. Alinichapia, akanitilia na fremu, bila kujua kwamba anamchapia mwanawe hati ya kufukuzwa. Nyumbani kulikuwa na msumari mmoja tu. Niliondoa picha ya harusi yao, nikamtundika Mzee Haumoe.

Siku ya sherehe ya kumpa mtoto jina nilisimama mbele ya wageni, nikausoma wosia huo mara mbili, kisha nikatangaza kwamba Ineza, ambaye kitovu chake kilikatwa Durban, ni mgeni mpendwa na atapewa chakula siku zote. Sikuifikia sehemu ya kuonyeshwa njia kwa sababu Doris alikuja akaiondoa sahani yangu. Nyama ilikuwa bado ipo. Mtoto mwenyewe alikuwa amelala.

Kutokana na hayo, malalamiko yangu ni kama ifuatavyo:

1. Kwamba chumba chenu hakina mlinzi.

Nilidhani wosia wa Mzee Haumoe niliuona mimi peke yangu. Kumbe mnamruhusu mtu yeyote kuingia na kusoma chochote! Doris aliingia akiwa amempakata mtoto, kwa kidole gumba kimoja, na katika kabrasha lilelile akauona wosia wa Bibi Moeata. Bibi huyo, kama unavyojua, alikuwa na binti aliyeolewa na mtu wa kisiwa kingine, na mjukuu akazaliwa ndani ya mashua, mahali ambapo hapana hata udongo wa kujaza kijiko. Bibi alikipokea kitovu cha mjukuu huyo kikiwa kimekauka ndani ya kifuu cha nazi, akakizika kwake, akaandikisha: "Huyu ni wa hapa. Mimi ndiye niliyechimba. Anayetaka kubisha aje na jembe lake."

Doris aliusoma kwa sauti wakati wa kifungua kinywa, uso wake ukiuelekea ukuta alikotundikwa Mzee Haumoe. Fabien aliinama juu ya uji wake, mabega yakitikisika. Aliniambia ni kikohozi.

Ninaamini kwamba chumba cha nyaraka chenye heshima humpa kila msomaji wosia unaomfaa, kisha humsindikiza mpaka mlangoni.

2. Kwamba hamkuweka onyo kuwa marehemu wenu hawakubaliani.

Nilipokuwa nafundisha, niliandika kanuni ubaoni kwa chaki nyeupe, na maneno yasiyofuata kanuni kwa chaki nyekundu. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Ni kweli kwamba kila mwisho wa muhula chaki nyekundu ndiyo iliyokuwa ikiisha kwanza, lakini angalau watoto walijua wako upande gani wa ubao. Ninyi mmewaweka Mzee Haumoe na Bibi Moeata pamoja, kwa wino wa rangi moja, bila kusema nani ni kanuni na nani amekosea. Doris anashikilia kwamba Mzee Haumoe ndiye chaki nyekundu.

Madhara ya uzembe huo yako jikoni kwetu. Kitovu cha Ineza kilipodondoka, Doris alikifunga ndani ya kitambaa changu cha mkononi, akakitia katika kopo la majani ya chai, akaliweka juu ya friji, akasema kitasafiri siku moja kama kile cha Bibi Moeata. Sasa, kopo la namna hiyohiyo ni langu, na lipo palepale, kwa kuwa ndimo ninamotunza tangawizi. Mimi hunywa chai ya tangawizi kila asubuhi. Kipande ninakifunga ndani ya kitambaa kwa uzi, kama alivyofanya mama, na ninakichemsha kikiwa humohumo ili nyuzi zisiingie kikombeni. Furushi moja hunitosha siku kadhaa. Mtu asiyeweza kuchuja chai hawezi kuchanganua sentensi. Tangu kopo la pili lifike pale, siwezi kunyoosha mkono kuchukua tangawizi bila kukutana na kesi.

3. Kwamba wosia huo umeninyang'anya mahali nilipozaliwa.

Nilipoona nimezidiwa nyumbani, nilimpigia simu dada Ernestina aniunge mkono. Nilifanya kosa la kumweka kwenye spika, kwa kuwa nilikuwa na uhakika wa ushindi. Nilimwomba athibitishe mbele ya Doris na Fabien kwamba kitovu changu kiko chini ya mkahawa, karibu na kaburi la babu.

Dada alinitaka nikae kwanza. Kisha akasema, "Marwa, wewe una miaka mingapi sasa? Basi naona umeshakua. Chini ya ule mkahawa pana muhogo."

Naomba nieleze kwa utulivu, ingawa sina. Nilipozaliwa, baba alikuwa mtunza bustani wa shule moja ya misheni, mbali na Tarime, nasi tuliishi katika vyumba vya watumishi. Kitovu changu kilipodondoka, mama alikianika kwenye ungo, akingoja likizo tusafiri tukakizike kwenye shamba la ukoo. Kuku akaja. Dada Ernestina, ambaye alikuwa mtoto mdogo aliyeachiwa kulinda ungo, alimwona kwa macho yake. Wiki hiyohiyo shule ilitembelewa na mkaguzi, na baba, kwa heshima aliyokuwa nayo kwa elimu, akamtoa kuku huyo achinjwe kwa ajili ya mgeni. Mama alimpika bila kumwambia baba. Aliposafiri alichukua kipande cha muhogo mkavu, akakifunga vizuri kwenye kitambaa, kikazikwa mbele ya ukoo mzima kwa vigelegele. Dada alikatazwa kusema, naye alikatazika mpaka alipozeeka na kuona hakuna tena aliye hai wa kumkataza.

Kwa hiyo, kwa mujibu wa wosia wa Mzee Haumoe, ambao ni mimi mwenyewe niliyeuingiza katika nyumba hii na kuutundika juu ya televisheni, mimi ni mgeni Tarime. Kwetu hasa ni ndani ya mkaguzi wa shule.

Sitaki kuficha kwamba jambo hili limenieleza mengi. Tangu ujana wangu nimekuwa nikikagua. Nimekagua madaftari, kucha, kola za mashati, mahubiri ya kasisi, na menyu za hoteli. Siku ya posa nilimrudishia Fabien barua ya wazazi wake ikiwa imesahihishwa. Nilidhani ni malezi. Kumbe ni wito wa nyumbani.

4. Kwamba nimefanywa kichekesho mbele ya watu wazima wenzangu.

Hapa mjini kuna kinyozi Mrundi anayeitwa Léonidas, ambaye kwake wazee tunaozungumza Kiswahili hukutana, kila mmoja na Kiswahili chake. Mimi nilikuwa na kiti changu pale, na watu walikuwa wakipunguza sauti nikiingia, kwa kuogopa kusahihishwa. Jumamosi iliyofuata simu ile niliingia, Fabien akiwa amenitangulia kunyolewa, na hakuna aliyepunguza kitu.

"Mwalimu, karibu! Kiti iko," alisema Léonidas. "Na kuku iko?"

Kijana mmoja Mkongo, Prodige, aliyekuwa na povu mpaka masikioni, akadakia: "Eish, Mzee, ile kuku ilikuwa sharp! Kitovu mzima, mara moja!"

Akaniuliza kwa upole wa bandia kama ninajua mkaguzi mwenyewe alipewa paja au kidari, maana katika mirathi jambo hilo ni la muhimu. Léonidas, akininyoa shingo, alihitimisha kwamba kama nililiwa na mkaguzi basi mimi ni mtoto ya serikali, na serikali ndiyo yenye ardhi yote, kwa hiyo nisilie.

Nilihesabu makosa ya upatanisho wa kisarufi katika mazungumzo hayo, kisha nikaacha kuhesabu. Sikumsahihisha yeyote. Nakuachia upime mwenyewe hali niliyokuwa nayo.

5. Kwamba sasa sina ardhi, na ninyi ndio mliosababisha.

Naomba ufuatilie hoja hii kwa makini, kwa kuwa niliipanga kwa siku nyingi na haina ufa. Shamba la Tarime ni la wale ambao vitovu vyao vimo. Changu hakimo. Cha Mwita kimo, nimemhoji dada mara tatu, naye anasema siku hiyo kuku walifungiwa. Kwa hiyo shamba ni la Mwita tayari, na halikuwahi kuwa langu. Kwa kuwa halikuwahi kuwa langu, siwezi kumrithisha Ineza. Kwa kuwa siwezi kumrithisha, sikumnyima kitu. Kwa kuwa sikumnyima kitu, Doris hana sababu ya kuniwekea ugali mbele yangu bila kuniangalia, kama anavyofanya tangu sherehe ile.

Nilimweleza Doris hoja hii yote. Aliniuliza kama nimemaliza. Nilipomwambia nimemaliza, alisema, "Sawa, Baba," akaenda kumwogesha mtoto. Nimewahi kushindwa mijadala mbele ya maprofesa, lakini sijawahi kushindwa kwa maneno mawili.

Nimejaribu njia nyingine kabla ya kukusumbua. Niliwaza kudai sehemu ya kaburi la mkaguzi, lakini sijui alizikwa wapi, na sidhani kama jamaa zake wangenielewa mlangoni. Niliwaza pia kukizika kitovu cha Ineza katika chungu cha maua kwenye veranda yetu ndogo, ili awe na udongo wake hapahapa South Beach. Msimamizi wa jengo ametukataza vyungu, kwa kuwa kimoja kiliwahi kuanguka kutoka kwa jirani wa juu. Na hata angekubali, chini ya chungu hicho kuna sebule kumi za watu wengine. Mtoto angerithi chungu na kesi kumi.

Kwa sababu hizo ninaomba, kama fidia, nusu ekari ya kisiwa cha Vaiharo. Ninaomba iwe:

(a) karibu na kanisa, lakini upande ambao hausikii kwaya ikifanya mazoezi;

(b) mbali na bahari kiasi kwamba isitusogelee;

(c) yenye masharti ya maandishi kwamba kuku hawataruhusiwa ndani ya mipaka yake milele.

Utauliza nitazika kitovu gani huko ili niihesabu kuwa yangu. Ni swali la haki, na ninaliheshimu kwa kutolijibu. Mimi nikifa, nusu ekari hiyo imwendee Ineza, ambaye ni mtu pekee ninayemjua asiye na hata hatua moja ya ardhi. Usiniulize kwa nini ninaweza kumpa ardhi yenu na siwezi kumpa yetu. Yenu ni rahisi zaidi kuitoa.

Na kama fidia hiyo haiwezekani, basi ninaomba wosia wa Bibi Moeata uondolewe mtandaoni, au angalau maneno kuhusu jembe yafutwe. Ni hayo yanayomuumiza mtu.

Nisalimie wafanyakazi wenzako wote wa chumba hicho, wanaopangusa vumbi na wanaolisababisha. Wasalimie wazao wa Mzee Haumoe, uwaambie babu yao alikuwa na kauli ya mtu mwenye msimamo, jambo ambalo lina gharama zake. Wazao wa Bibi Moeata wasalimie pia, lakini kwa kifupi. Huku Doris hajambo, Fabien hajambo, na mtoto ananenepa bila kujali.

Ni mimi niliyekosewa nikiwa katika kutafuta haki,

Mwalimu Marwa (mstaafu)

Tanbihi: Barua hii imekaa muda mrefu bila kutumwa, na katika kukaa kwake imeharibika. Siiandiki upya kwa sababu mwandiko ni mzuri. Naomba uisome pamoja na haya yafuatayo.

Siku chache baada ya kuweka saini, niliwasindikiza Fabien na mtoto kugonga ule muhuri. Karani, bila ubaya wowote, alimwangalia Ineza akauliza kwa Kiingereza, "Na huyu, kwao wapi?" Fabien aliitazama meza. Nilingoja ajibu, karani akangoja, na foleni yote nyuma yetu ikangoja. Mwishowe nilisikia sauti ikisema, "Tarime." Ilikuwa yangu. Karani hakujua Tarime ni nini wala hakuiandika popote, lakini mimi nilikuwa nimeitamka mbele ya ofisi, na katika maisha yangu sijawahi kuacha kauli yangu iwe ya uongo. Ilibidi iwe kweli.

Nilirudi nyumbani, nikapanda kiti Doris akiwa bafuni, nikalifungua kopo lake juu ya friji, nikalitoa furushi, nikaenda nalo Clairwood, upande wa maghala hapa Durban. Huko kuna dereva wa lori Mtanzania, Atupele, ambaye hupakia mizigo mpaka Tunduma. Kutoka Tunduma furushi lilipanda basi, likafika. Dada aliita jamaa. Mwita ndiye aliyechimba, palepale karibu na mkahawa wangu wa muhogo, na kasisi akaomba. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza Mwita kwa hoja saba kuhusu kugawana shamba na mtoto wa Durban. Nilifika ya pili. Alinikatiza: "Baba mdogo, sisi tulikuwa tunangoja useme tu. Migomba inatushinda kula."

Nilikaa na siri hiyo kwa fahari kwa majuma kadhaa, nikingoja siku nzuri ya kumwambia Doris. Jana asubuhi nilikuwa nakunywa chai nikilalamika, kama nilivyokuwa nikilalamika kwa muda, kwamba tangawizi ya siku hizi haina ukali wowote. Doris alikuwa ameshusha kopo lake. Alilifungua, akalikuta tupu, akapiga ukelele. Basi nikamwambia yote: karani, Atupele, kasisi, jembe. Alilia, akanikumbatia, akanishika kichwa kama mtoto. Kisha akaniachia taratibu.

Alisema, "Baba, ulichukua kopo la upande gani?"

Nilimwambia, la kulia, palipokuwa pake siku zote.

"Nilisafisha friji, Baba. Niliyabadilisha."

Tukageuka kwa pamoja, tukaitazama sufuria.

Ndugu Mtunza Nyaraka, nilikuwa nimekunywa chai hiyo karibu wiki nzima, tangu tangawizi iliyokuwa jikoni ilipoisha nikachukua furushi la kopo la kushoto, na siku nyingine niliongeza kikombe cha pili. Chini ya ardhi ya Tarime, kwa maombi ya kasisi na vigelegele vya ukoo, imezikwa tangawizi yangu. Mkaguzi alinila mimi kwa njia ya kuku. Mimi nimemnywa mjukuu wangu bila hata kupitia kwa kuku. Fabien alitoka jikoni na safari hii hakusingizia kikohozi.

Nilimpigia dada Ernestina nimwambie wafukue, tuanze upya kwa utaratibu. Alicheka mpaka simu ikamdondoka, nikasikia migomba peke yake kwa muda. Aliporudi alikuwa mkali.

"Usithubutu kukigusa," alisema. "Tumeshashuhudia, tumeshakula. Halafu kimechipua majani mawili, Mwita amekizungushia miiba kuku wasikifikie. Marwa, muhogo ulikutosha wewe ukawa mwenye shamba miaka yote hii. Tangawizi itamtosha mtoto."

Kwa hiyo naambatanisha wosia wangu, uutunze katika kabrasha moja na Bibi Moeata: shamba la Tarime ni la Mwita na Ineza, sawa kwa sawa, na Ernestina akae humo mpaka achoke. Mzee Haumoe nimemshusha, picha ya harusi imerudi kwenye msumari. Msomaji wa baadaye akitaka kujua kitovu cha mtoto huyu kiko wapi hasa, mwambie kiko kwa babu yake.

Ile nusu ekari siihitaji tena. Lakini kama mlikwisha kuipima, msiirudishe. Fabien bado hana.